Hafu-shafti Sio Kidani

Laki tisa na nusu. Naandika kwa tarakimu msomaji usije ukadhani mchapaji kakosea: 950,000. Hiyo ndiyo bei aliyotajiwa baba mdogo kwa kipande kimoja cha chuma, urefu wake mkono wa mtu mzima, kimetumika, kina kutu, kimetolewa kwenye Land Rover 109 ambayo yenyewe ilishakufa. Aliyetaja bei yuko Dar es Salaam. Sura yake hatuijui, tunaijua picha anayoweka kwenye simu.

Land Rover ya baba mdogo ni ya mwaka 1969. Ilibeba maharage na makopa kutoka Mabamba hadi Kibondo mjini kabla sijazaliwa, na imebeba wagonjwa, majeneza na maharusi pia. Mwaka jana masika yalipokolea, akiwa kwenye tope na gunia zake nyuma, alisikia "ta!" Gari likanguruma bila kusogea. Hafu-shafti ya nyuma imekatika. Wenye Land Rover za zamani wanaujua ugonjwa huo: ndicho chuma kinachotoa nguvu kwenye difu na kuipeleka gurudumuni, na kwenye magari ya miaka ile kilikuwa chembamba kuliko kazi yake. Mzee hakupaniki. Alifungua boliti sita, akavuta kipande kilichokatika, akaingiza foo-wili, akavutwa na magurudumu ya mbele taratibu mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo gari liko juu ya magogo, kuku wanatagia ndani.

Mimi ndiye niliyempa wazo la kutafuta mtandaoni. Najilaumu, lakini ndiyo nilivyojifunza.

Yule bwana wa Dar, tulipolalamika, alituma picha ya ukurasa wa eBay. "Oneni wenyewe, huko Ulaya ndiyo bei yake. Hii ni vintage, mzee." Baba mdogo akanigeukia: "Vintage ndiyo nini?" Nikamwambia ni uzee unaouzwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi na mimi niuze."

Sasa ile picha niliikuza nikaisoma neno kwa neno, kazi ambayo inaonekana muuzaji hakuifanya, au aliifanya akanyamaza. Bei ile ilikuwa ya jozi, sio ya moja. Ilikuwa ya vyuma vipya, vya kuimarishwa, vya watu wanaoshindana kupanda miamba siku za mapumziko. Tena ilikuwa bei ya kuomba. Hakuna aliyekuwa ameilipa!

Hapo ndipo naomba tukae kidogo, maana wizi wote umelala kwenye neno hilo. Sisi huku uwanda wa juu mnada tunaujua. Mtu analeta ng'ombe wake, anataja bei ya kiwendawazimu, watu wanamcheka, jua likizama anarudi na ng'ombe wake kwa miguu na kijiji kizima kinamwona. Kesho yake atashusha. Ndiyo kazi ya mnada, kumuaibisha mwenye tamaa. Mtandaoni ng'ombe harudi nyumbani. Anabaki pale mwaka huu na mwaka kesho, bei imening'inia pembeni, hakuna anayemcheka. Akija muuzaji wa pili anatazama bei ya wa kwanza, anaongeza kidogo. Wa tatu naye vivyo hivyo. Hata pale zabuni za kweli zinapopiganwa, wapo wanaoweka rafiki zao wapandishe bei kwa niaba yao. eBay wenyewe wanaipiga marufuku tabia hiyo, na hakuna anayepiga marufuku jambo lisilotendeka. Mwisho wake bei ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuitoa inapigwa picha, inatua Kibondo, inakuwa sheria.

Wapo wanaolipa kweli, sikatai. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, na ukoo wa zile za zamani ulikoma kiwandani Solihull Januari 2016, Defender ya mwisho ilipotoka. Marekani nako sheria inaruhusu gari la nje kuingia likishatimiza miaka 25 hata kama halikutengenezwa kwa kanuni zao, kwa hiyo uzee wenyewe umekuwa pasipoti. Mwenye fedha zake Texas anataka gari liwe vilevile lilivyotoka, kila kipande na muhuri wake. Haya, alipe! Yeye ananunua kumbukumbu. Baba mdogo ananunua gurudumu lizunguke. Chuma ni kimoja, lakini hawa wawili hawanunui kitu kimoja, na anayemtoza wa Mabamba bei ya Texas anamwuzia ndoto za mtu mwingine.

Tena hafu-shafti sio adimu! Mpya, za kawaida, bado zinapatikana kwa kampuni za spea Uingereza kama Britpart, na moja inauzwa kwa sehemu ndogo ya ile laki tisa na nusu. Kinachomshinda mzee ni kadi ya benki, anwani, usafirishaji na ushuru. Dalali anauza ule ukuta uliopo kati ya mzee na dukani, chuma ni kisingizio tu.

Najua mtanijibu, hasa ninyi wa mjini mliosoma biashara: soko huria, kijana, mwenye nacho anunue. Mimi sililii kurudi 1983, wakati Sokoine alipowawinda walanguzi na hata mwenye katoni ya sabuni uvunguni akakosa usingizi. Miaka ile fedha za kigeni hazikuwepo, malori yalilala kwa kukosa spea, hakuna bei ambayo ingeyaamsha. Lakini angalau mlanguzi wa wakati ule alijua anaitwa mlanguzi. Huyu wa leo anajiita mkusanyaji.

Wengine watasema auze anunue Noah. Aje huyo msemaji na Noah yake, mwezi wa tatu, tumwonyeshe njia ya Mabamba.

Na sisi tumo. Nani aliyezikata zile Land Rover na Bedford zilizokuwa zimelala nyuma ya kila yadi? Tuliziuza kwa kilo, chuma chakavu, zikayeyushwa zikawa nondo. Nani aliyeacha viwanda vya kutengeneza mashine na spea, Mang'ula kule Morogoro na Kilimanjaro Machine Tools kule Hai, vidorore huku tukitazama? Fundi mkerezaji mmoja hapa kwetu aliniambia kuchonga meno kumi ya shafti sio shida kwake. Shida ni chuma chenyewe na tanuri la kukikomaza. Akichonga ya chuma laini itajisokota kama kamba mlima wa kwanza. Alijaribu kuunga ile iliyokatika kwa moto. Ilifika getini.

Nawe mwandishi mwenzangu. Nimesoma hadithi zako tatu mwaka huu ambamo Land Rover kuukuu imeegeshwa chini ya mwembe, imeota kutu ya kishairi, na kijana anaiegemea akiwaza mapenzi. Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha kwenye tamasha lake, nami nilifurahia picha zake kama wewe. Ila katika hadithi zako sijawahi kuona gari hilo likibeba gunia, wala mtu akiuliza bei ya bushi. Kutu unayoisifia ndiyo inayotutoza.

Juzi nilimpigia tena yule bwana, nikampa hesabu yote: jozi, vipya, bei ya kuomba. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dogo, ungewahi. Sasa hivi ni milioni moja na laki moja, kuna Mzungu kaiulizia."