Haraka ya Jikoni na Miguu ya Watoto Wetu

Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na hapana mzazi mwenye akili timamu anayekusudia kuidhuru amana hiyo. Hata hivyo, upo ulemavu unaoingia nyumbani kupitia mlango ambao hakuna anayeushuku, nao ni sahani ya ugali. Tunakusudia ugonjwa wa konzo, unaotokana na unga wa mihogo michungu usioandaliwa ipasavyo. Tumeona ni wajibu wetu kuuzungumza Ijumaa ya leo kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu umekwishaifika nchi yetu zaidi ya mara moja. Pili, kuuzuia hakuhitaji fedha nyingi, bali elimu na subira.

Jina konzo limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango. Mwaka 1981, Msumbiji ilipokumbwa na ukame na vita, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa huo katika jimbo la Nampula, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mwanzoni ilihofiwa kuwa ni polio. Lakini mguu uliopooza kwa polio hulegea, ilhali mguu wa mwenye konzo hukakamaa. Madaktari Julie Cliff na Hans Rosling, pamoja na wenzao, hawakuishia wodini. Walifuata chanzo chake hadi mashambani na jikoni. Mwaka 1985 ugonjwa ulizuka wilayani Tarime, na miongoni mwa waliouchunguza alikuwamo mtafiti wetu Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 2002 na 2003 ulionekana tena mkoani Mtwara.

Ni nini hasa kinachotokea? Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo unapokatwa, kutwangwa au kulowekwa, kitu hicho huvunjika na kutoa sumu ya sianidi, ambayo hupotea hewani au katika maji ikipewa muda wa kutosha. Muhogo mtamu una sumu kidogo. Mchungu unayo nyingi, na ukame huizidisha. Mwili wa binadamu umejaaliwa uwezo wa kuidhoofisha sumu hiyo, lakini hutumia salfa inayopatikana katika vyakula vya kujenga mwili kama maharage, samaki, maziwa, mayai na nyama. Basi fikirini hali ya nyumba yenye njaa: mihogo imezidi uchungu, mboga hakuna, na mama aliyezoea kuloweka kwa siku tatu au nne anaona watoto hawawezi kungoja. Siku zinapunguzwa. Wiki chache za kula hivyo zatosha. Mtoto aliyekuwa akikimbia jana, leo miguu yote miwili imekakamaa, na atatembea kwa ncha za vidole au kwa magongo maisha yake yote.

Waliosema haraka haraka haina baraka hawakukosea. Lakini si haki kumlaumu mama huyo. Hakupunguza siku kwa uvivu; alipunguza kwa sababu ya njaa, na hapana aliyemweleza kwamba siku zile zilikuwa ndiyo dawa yenyewe.

Wapo wanaouliza: kwa nini basi mihogo michungu ising'olewe yote? Wakulima wana hoja zao, nazo ni nzito. Muhogo mchungu hauvutii nguruwe pori, nyani wala wezi, na hukaa ardhini ukingoja siku ya dhiki. Muhogo wenyewe nao una maradhi yake. Tangu miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, walihangaika na batobato na michirizi ya kahawia, na kazi ya kutafuta mbegu zinazostahimili maradhi hayo inaendelea hadi leo. Sisi tunasema mbegu isipimwe kwa wingi wa mavuno na ustahimilivu peke yake. Ipimwe pia kwa kiasi cha sumu, na mkulima aambiwe waziwazi kama ni ya kuchemsha na kula au ni ya kuloweka kwanza.

Ama kuhusu unga uliokwisha kusagwa, ipo njia nyepesi iliyobuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Unga hutiwa katika bakuli na kimo chake kuwekewa alama ndani ya bakuli. Kisha hutiwa maji huku ukikorogwa. Kwanza hushuka, halafu hupanda, na ukirudi penye alama maji yametosha. Hapo hutandazwa juu ya mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimita 1, juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano, ndipo hupikwa ugali siku hiyohiyo. Kuanzia mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka nchini Kongo, walifundishwa njia hii, nao wakafundishana. Konzo ikakoma kuzuka kijijini kwao. Kitu kilichoshinda hospitali kubwa kilizuiwa kwa bakuli, maji na mkeka.

Tunasema kilishinda hospitali kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na konzo hairudi kama ilivyokuwa. Lakini hiyo si hoja ya kumficha mtoto uani. Ugonjwa huu hauzidi siku hadi siku isipokuwa sumu ikiliwa tena. Mazoezi ya viungo na magongo yanayolingana na kimo chake humsaidia mtoto kusimama, na kwa baadhi yao upasuaji wa kurefusha mshipa wa kisigino hupunguza tabu ya kutembea. Haki ya mtoto huyo ya shule na madrasa ni ileile ya ndugu zake. La kusikitisha ni wazazi wanaozunguka kwa waganga wakimtafuta mchawi, huku unga uleule ukiendelea kupikwa nyumbani na mtoto wa pili akiula.

Hatuyasemi haya kuwatisha wakazi wa Nkuhungu. Muhogo ni riziki, na katika nyanda hizi za kati zao linalovumilia jua ni neema. Wazee wa Ugogo bado wanataja njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, na mvua ya Dodoma haijawahi kuwa ya kutegemewa. Siku mahindi yakikosekana, unga wa muhogo utaletwa, na familia zetu nyingi za mjini hula unga ambao hazikuulima wala kuusaga. Tunakumbuka pia mwaka 2016, watu 68 walipougua kwa sumukuvu ya mahindi huko Chemba, Kondoa na Kiteto, na 20 kati yao wakafariki dunia. Ile ni sumu nyingine, lakini funzo ni moja: unga mweupe unaopendeza macho si lazima uwe salama.

Kwa hiyo tunawanasihi wote wanaohusika. Mfanyabiashara wa unga aulize mihogo yake ililowekwa siku ngapi, kwani kumuuzia mwenzako sumu kwa kutouliza hakukutoi katika lawama. Watafiti wa kilimo na madaktari wetu, ambao Dodoma imejaaliwa kuwa nao, wakae pamoja kabla ya ukame na si baada yake, na wanayoyajua wayafikishe kwa akina mama kwa Kiswahili na Kigogo. Maimamu na walimu wa madrasa wayatangaze, maana msikiti hufika nyumba ambazo ripoti za kitaalamu hazifiki. Na baba mwenye nyumba asione maharage kuwa anasa. Kikombe kimoja cha maharage kando ya ugali wa muhogo ni kinga ya miguu ya wanawe.

Siku ya njaa, jirani atakapopunguza siku za kuloweka, tusimwache na njaa yake. Tumpelekee unga ulio salama na mboga ya kulia, ili mihogo yake ipate muda. Hiyo ndiyo sadaka itakayomwacha mtoto wake akitembea.

Wabillahi tawfiq.