UMRI WA CHURA HAUPIMWI KWA UNENE



Kelele za chura, wasema wazee, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Basi juma hili tuziache kelele, tumwangalie chura mwenyewe: yule wa nchi kavu, mwenye ngozi ya vipele, ambaye usiku hukaa karibu na taa akingoja wadudu. Je, ana umri gani?

Wengi watajibu: mnene ni mzee, mdogo ni mtoto. La, sivyo. Kwanza, chura jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume wa umri ule ule. Pili, chura hukua mbio akiwa mchanga, lakini akifika umri wa kuzaa, kukua kwake hupungua sana. Kwa hiyo wa miaka mitatu na wa miaka sita waweza kulingana kabisa.

Tena kuna jambo la kidimbwi. Jike hutaga mayai maelfu, lakini viluwiluwi hawana budi kuota miguu kabla maji hayajakauka. Maji yakipungua upesi, wengi huharakisha kugeuka, wakatoka wangali wadogo mno. Hao huliwa au hukaushwa na jua upesi kuliko wenzao. Katika maelfu yale, wanaofika utu uzima ni wachache sana.

Sasa umri hujulikanaje? Umeandikwa mfupani. Hapa Mlali, kama mahali pengi pa Dodoma, mvua ni za msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili hivi. Kiangazi kikiingia chura hujificha shimoni, chini ya mawe au katika kichuguu. Hali, wala hakui. Mfupa nao husimama kukua, na pale uliposimama hubaki mstari mwembamba, kama pete za ndani ya mti. Mvua zikirudi, mfupa huendelea. Wataalamu hukata ncha ya kidole kimoja, humwachilia chura aende zake, kisha huutazama mfupa ule kwa hadubini na kuhesabu mistari. Mistari minne, basi amevuka viangazi vinne.

Chura aweza kuishi sana akitunzwa. Katika karne ya 18, Thomas Pennant wa Wales aliandika habari za chura aliyekaa miaka 36 penye nyumba moja huko Devon, hata akajeruhiwa na kunguru. Porini hakuna matunzo hayo: kuna nyoka, kuna ndege, kuna kiangazi, na kuna mawe ya watoto.

Nchi yetu imekwisha kuonja hasara ya kupoteza chura. Penye maporomoko ya Kihansi, katika milima ya Udzungwa, waliishi vyura wasiozidi sentimeta 3 hata wakiwa wazima kabisa. Mwaka 2000 maji mengi yalipogeuzwa kuendesha mitambo ya umeme, unyevu wao ulipungua. Baadaye ugonjwa wa ukungu ukawaingia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena. Bahati nzuri, karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, na mwaka 2012 uzao wao ulianza kurudishwa.

Basi, akina baba na akina mama, waambieni watoto: chura mkubwa wa uani huenda ni mmoja aliyesalia katika maelfu, naye kila usiku wa mvua hula wadudu wa bustani yenu. Jiwe moja hufuta miaka yote hiyo. Msioshe bomba la dawa ya mimea penye kidimbwi, maana viluwiluwi watakufa wote. Wala chura haleti sugu mkononi, kama wengine wasemavyo. Ila nyuma ya macho yake ana sumu. Aliyemshika na anawe mikono kabla ya kujigusa macho au kinywa.