Kuku wa saa nne, moto wa saa kumi
Kuku aliyechinjwa saa nne asubuhi, akakaa kwenye beseni hadi saa kumi jioni inzi wakimzengea, hutetewa kwa hoja moja: moto utaua kila kitu. Moto huua salmonela, naam, nyama ikifika nyuzi 74 hadi karibu na mfupa. Lakini bakteria aina ya stafilokoka huweza kuacha sumu isiyovunjwa hata na mchemko. Ndimu huondoa shombo, haiondoi sumu. Wazee hawakuwa na friji? Kweli, ndiyo maana kuku wao alitoka kisuni akaingia chunguni. Joto la Dar es Salaam likipita nyuzi 32, saa moja nje inatosha kumfanya kuku awe hatari. Asiye na friji achinje maji yakiwa jikoni.