Panya wa Maabara Wasidharauliwe

UGONJWA wa Marburg umekwisha kuubisha hodi mkoa wetu wa Kagera mara mbili. Mwaka 2023 mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Mwaka 2025 ukazuka wilayani Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa wakapoteza maisha. Wananchi wa Bisibo na wa visiwa vya Ziwa hawahitaji kuelezwa uchungu wa habari hizo.

Mara zote mbili hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Chanjo haimfikii binadamu kabla haijajaribiwa kwa wanyama, na mara nyingi huanzia kwa panya. Lakini si panya yeyote afaaye. Panya wa maabara hupandishwa kaka na dada, kizazi baada ya kizazi, mara 20 au zaidi, mpaka urithi wao ukaribie kuwa mmoja. Hapo mtaalamu akimpa mmoja dawa na mwenziwe asimpe, tofauti aionayo itakuwa ya dawa, si ya nasaba.

Nasaba nayo ina siri zake. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani waliwaambukiza Ebola, nduguye Marburg, panya wa nasaba zilizochanganywa kwa mpango. Wengine walikufa wakivuja damu; wengine walipona. Urithi ulikuwa na sehemu yake katika kufa na kupona.

Tusisahau pia kwamba Marburg yenyewe ilijulikana mwaka 1967, ilipowaambukiza wafanyakazi wa maabara za Ujerumani na Yugoslavia waliokuwa wakishughulikia tumbili waliotoka Uganda. Watu 7 walifariki. Mnyama asiyejulikana asili wala afya yake ni hatari maabarani.

Nchi yetu haianzi mikono mitupu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, panya buku wamezalishwa na kufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ujuzi huo wa kutunza panya upo nyumbani.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali itenge fedha za kutosha kwa nyumba za kuzalishia wanyama wa utafiti, na isomeshe vijana elimu ya urithi, wakiwemo wa mkoa huu. Nao wananchi wasicheke wakisikia fedha ya umma inalisha panya. Ugonjwa ukirudi, tusiwe watu wa kungoja tu majibu ya maabara za wengine.