KODI HALALI ILIPWE, ILIYOZIDI IRUDISHWE

Chama chetu kimewahimiza wananchi walipe kodi, na kitaendelea kuwahimiza. Nchi haijengwi kwa nyimbo. Dawa za zahanati, madawati ya shule, daraja na barabara vyote vyataka fedha, na fedha hizo ni jasho la wananchi wenyewe. Lakini leo twapenda kusema neno la upande wa pili, ambalo halisemwi sana mikutanoni. Mfanyakazi anayekatwa zaidi ya ilivyoandikwa katika sheria, ile ziada si kodi. Ni mali yake iliyo mikononi mwa watu wengine.

Wazee wetu wa Mpanda wanaijua habari ya kodi isiyoulizwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza ya nyumba na ya kichwa. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya madini ya risasi, na vibarua waliokuja kuyachimba wengi wao walikuwa wakitafuta fedha za kumpa mtoza kodi. Wakati ule aliyetozwa hakuwa na mtu wa kumwuliza. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, tulipata pia haki ya kuuliza. Je, tunaitumia?

Mwezi uliopita, katika mkutano wa tawi moja hapa mjini, ndugu mmoja ambaye ni mlinzi alitoa mfukoni karatasi yake ya mshahara, ile ambayo wengi huiita salari slipu. Mshahara wake ni Sh. 300,000 kwa mwezi. Amekatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani Sh. 30,000. Chini yake imeandikwa kodi: Sh. 9,000. Tuliketi naye tukapiga hesabu, na hesabu yenyewe haishindi ile tunayowafundisha watoto wa darasa la sita.

Kwanza, mchango wa hifadhi ya jamii huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Kwa hiyo mshahara wa ndugu huyu unaotozwa kodi ni Sh. 270,000. Pili, tangu Julai 2020 sheria imesema kwamba Sh. 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazitozwi hata senti. Kodi yake ni sifuri! Zile Sh. 9,000 zimetoka wapi? Zimetoka katika jedwali la zamani, ambalo lilianza kutoza juu ya Sh. 170,000 kwa asilimia 9. Serikali imebadili sheria, karani hakubadili karatasi yake ukutani. Kwa miaka miwili aliyofanya kazi, ndugu huyu amekatwa Sh. 216,000 zisizo za haki.

Yafaa kila mfanyakazi ayajue mabadiliko haya, kwa sababu hayakuja yenyewe. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele miaka mingi. Kiwango cha chini kilikuwa asilimia 11. Rais Magufuli akatangaza Mei Mosi ya mwaka 2016 kwamba kitakuwa 9. Rais Samia akatangaza Mei Mosi ya mwaka 2021 kwamba kitakuwa 8. Kwa viwango hivyo vya Julai 2021, kinachozidi Sh. 270,000 hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi hapo hadi 760,000, asilimia 20. Hadi milioni moja, asilimia 25. Na kinachozidi milioni, asilimia 30.

Tazama neno lile: kinachozidi. Wapo ndugu wanaoogopa nyongeza ya mshahara wakidhani kodi itaimeza yote. Si kweli. Aliyekuwa na Sh. 520,000 za kutozwa kodi akafika 530,000, hutozwa asilimia 20 ya zile Sh. 10,000 tu. Sh. 2,000 zaenda Serikalini, Sh. 8,000 ni zake.

Sasa mchukue mwalimu wa shule ya mtu binafsi mwenye mshahara wa Sh. 600,000, naye huchangia asilimia 10. Ukiondoa mchango, zabaki 540,000, na kodi yake ni Sh. 24,000. Karani akisahau kuondoa mchango, atamkata Sh. 36,000. Sh. 12,000 zimepotea mwezi mmoja, na kwa mwaka ni 144,000. Kosa jingine ni la kazi ya pili. Mwenye waajiri wawili kwa wakati mmoja hutozwa asilimia 30 kwa mshahara wa yule wa pili. Lakini aliyeacha kazi ya kwanza akaajiriwa pengine asihesabiwe hivyo, kwani mwajiri wake ni mmoja.

Afanye nini aliyekatwa zaidi? Asigombane, wala asinyamaze. Mali bila daftari hupotea bila habari: azitunze karatasi zake zote za mshahara. Aende kwanza kwa karani na hesabu mkononi. Mwaka unapokwisha, adai hati ya kodi aliyokatwa, maana sheria inamtaka mwajiri ampe. Ikiwa fedha zimekwisha kupelekwa Mamlaka ya Mapato, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaruhusu kodi iliyozidi kurudishwa: maombi huandikwa kwa Kamishna Mkuu, pamoja na ushahidi. Asiyeweza kuandika aje ofisi ya tawi, tutamwandikia.

Na ikionekana kwamba fedha hazikupelekwa popote? Mwajiri hutakiwa kuzipeleka ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Anayemkata mfanyakazi kwa jina la Serikali kisha akazitia mfukoni amewaibia watu wawili kwa mkono mmoja: mfanyakazi na Taifa.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Baadhi ya waajiri wa Mpanda, wenye shule, nyumba za wageni, maduka na machimbo, ni wanachama wenzetu. Hukaa viti vya mbele katika mikutano yetu na huchangia sherehe zetu. Twawaambia kwa heshima: mchango wa sherehe haufuti deni la mlinzi wa mlangoni. Badilisheni majedwali yenu, rudisheni kilichozidi.

Mwenye tawi aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na kila mfanyakazi aje na karatasi yake. Tulipe kilicho cha Taifa mpaka senti ya mwisho, na kilicho cha mfanyakazi kirudi nyumbani kwake.