Ati Zeruzeru Hafi?

Liko neno moja lililokaa katika vijiji vyetu vya kandokando ya ziwa, toka Magu hata Sengerema, toka Ukerewe hata Geita, nalo husemwa na watu wazima mbele ya watoto bila haya: "Zeruzeru hafi, hutoweka." Nimelisikia kilabuni, nimelisikia mwaloni, na, hili ndilo liniudhilo, nimelisikia kwa watu tushirikio nao meza moja ya Bwana. Nataka kulipinga waziwazi. Si hadithi ya jioni hili. Ni mafundisho juu ya roho na mauti, nayo yamekwisha kuua watu.

Tuyatazame basi kama mafundisho. Wazee wetu wa Usukuma walikuwa na imani yao juu ya wafu. Mtu akifa huhesabiwa katika masamva. Na mtoto mchanga akilia usiku na mchana asinyamaze, huendewa mfumu, kuku akapasuliwa, ikaonekana kwamba babu fulani au bibi fulani anataka jina lake liitwe tena. Mimi siifuati imani hiyo, wala siwaiti mwifuate. Lakini ina utaratibu wake: mtu huzaliwa, hufa, huzikwa, hukumbukwa, na jina lake hurudi kwa mjukuu. Hakuna arudiye asiyekufa kwanza. Je, huyu asemwaye kwamba hutoweka, wamemweka wapi? Hawampi mauti, basi hawampi kaburi. Hawampi kaburi, basi hana mahali kati ya masamva wala jina la kumwachia mjukuu. Wamemtoa katika ukoo hali angali anakula ugali pamoja nao.

Nasi Wakristo tunakiri ufufuo wa wafu. Wa wafu, si wa waliotoweka. Amwambiaye jirani yake kwamba hafi, hamheshimu hata kidogo. Amemwambia kwamba siku ile hatakuwamo.

Haya, na tuwaulize wenyewe wasemao. Kama hutoweka, ni mifupa ya nani iliyofukuliwa usiku? Maana wako wazazi katika kanda hii waliolazimika kuzika watoto wao karibu na nyumba na kumwaga saruji juu ya kaburi, ili wezi wa maiti wasipate njia. Kinywa kisemacho asubuhi kwamba hana maiti, jioni chauliza bei ya mfupa wake. Mvuvi asokotaye nywele zake katika wavu ili apate sangara, na mchimbaji afukiaye kipande cha mfupa katika shimo ili dhahabu itokee, wote wawili wanajua sana kwamba ni mwili, tena wa mtu. Hata mitaani waliitwa "dili", yaani biashara. Kizuka hakiuziki, ndugu zangu.

Neno hili lilitoka wapi? Nadhani lina chanzo, na chanzo chenyewe ni cha kuhuzunisha. Watu wenye ualbino ngozi yao imekosa ile rangi iliyotukinga sisi wengine na jua. Hali hiyo hutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao huweza kuwa weusi kama mimi, nao wameibeba pasipo kujua. Basi waume wawafukuzao wake zao kwa sababu hii wajifukuze na wenyewe. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba ni mtu mmoja katika kila 1,400. Jua letu la ziwani, lipigalo toka juu na kurudi toka majini, huwachoma ngozi, na wengi hupata saratani wakiwa bado vijana. Zamani walifichwa ndani, wakaugua ndani, wakazikwa kimya. Kijiji kilimwona mtoto akicheza mlangoni, kisha hakikumwona akizeeka. Kikasema: ametoweka. La hasha! Alikufa, naye alikufa kwa kukosa kofia pana na shati la mikono mirefu. Siku hizi yako hata mafuta ya kukinga jua yatengenezwayo kwetu huko Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, wauaji ni wenye tamaa na wapiga ramli, neno tu lina kosa gani?" Tamaa iko kila mahali, naam. Lakini mwenye tamaa huhitaji kijiji kinyamazacho, na kijiji hunyamaza kwa urahisi pale kinapoamini kwamba aliyeondoka hakuwa wa kufa. Toka mwaka 2007 mauaji yaliongezeka sana Mwanza, Shinyanga na Geita. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini toka mwaka 2000 hata 2015. Serikali ilifuta leseni za waganga mwaka 2009, ikawapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Hata hivyo mwaka 2024, huko Muleba ng'ambo ya ziwa, mtoto wa kike mwenye miaka miwili tu alichukuliwa na kuuawa. Leseni hufutwa kwa kalamu. Neno hili halina leseni.

Tena kumbukeni hukumu ya Mahakama Kuu hapa Mwanza, mwezi wa Machi 2015. Watu wanne walihukumiwa kufa kwa kumwua mwanamke mwenye ualbino huko Geita mwaka 2008, na mmoja wao alikuwa mumewe. Mume huyo alimjua mkewe akiugua na kupona, akilala na kuamka. Je, yeye naye aliamini kwamba hafi?

Basi nasema hivi. Akifa mtu mwenye ualbino kijijini, ndugu zake wakikubali, azikwe mchana, kengele ipigwe, na wanaume waje na majembe yao kama waendavyo kwa mtu mwingine yeyote. Akifa karibu na shule yangu, nitaomba ruhusa nifunge darasa saa nne, niwalete watoto wote, toka la kwanza hata la saba, wasimame kando ya kaburi, waone jeneza likishuka.