Utunzaji wa Motokaa: Usukani Uliokaa Upande

Mara nyingi mtu hupeleka gari lake kwa fundi kwa sababu matairi ya mbele yanalika upande mmoja. Fundi hulinganisha magurudumu, au kama isemwavyo mjini, hupiga alaimenti. Hulipwa haki yake, na mwenye gari hushika njia ya kurudi nyumbani. Hajafika mbali hutambua jambo la ajabu: gari laenda sawasawa, halivuti kushoto wala kulia, lakini usukani wenyewe umelalia kushoto, kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Tena akipinda kulia, indiketa yajizima kabla hajamaliza kona. Akipinda kushoto, yaendelea kumetameta hata gari likiisha kunyooka.

Wako wanaolidharau jambo hili, maadamu gari laenda. Wanakosea. Katika barabara kuu za Kenya, taa hiyo si ya kuonyesha kona tu. Madereva wa malori huitumia pia kumjulisha aliye nyuma kama njia ya mbele i wazi au la. Taa iliyoachwa ikiwaka basi husema uongo, na anayeiamini aweza kutoka ili apite, akakutana na basi uso kwa uso.

Asili ya ubovu huu ni haraka. Kila gurudumu la mbele huungwa na mtambo wa usukani kwa fimbo yake, ambayo mafundi huiita tairodi. Fundi asiye na subira huirefusha au kuifupisha moja tu, mpaka kipimo kati ya magurudumu mawili kiwe sahihi. Kipimo kweli ni sahihi, na matairi hayataharibika. Lakini magurudumu yanapoviringika hutafuta njia iliyonyooka yenyewe, na kwa kuwa fimbo moja imezidi nyenzake, huugeuza usukani pamoja nayo. Kijino kinachourudisha mkono wa indiketa huzunguka pamoja na usukani, basi nacho kimekaa upande. Indiketa haina ugonjwa wake, na fedha za kununua swichi mpya ni fedha za kutupwa.

Hatari huja katika matengenezo. Fundi akilalamikiwa, pengine hushika spana, akaungoa usukani na kuurudisha meno mawili matatu upande wa pili. Kwa macho, kazi imekwisha. Lakini magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, nao hufumuka kwa baruti. Haufai kuguswa kabla ya betri kufunguliwa na kuachwa kwa muda ulioandikwa na watengenezaji wa gari. Chini yake umo utepe wa nyaya uliokunjwa kama kamani ya saa. Utepe huo ukirudishwa pasipo katikati, siku moja usukani utakapozungushwa hadi mwisho, utakatika: honi itanyamaza, na siku ya ajali mfuko huenda usifunguke.

Iko njia nyepesi ya kujua kosa liko wapi. Magurudumu ya mbele yainuliwe, usukani uwekwe sawa, kisha ihesabiwe mizunguko hadi mwisho wa kushoto na hadi mwisho wa kulia. Ikilingana, usukani uko mahali pake na kosa liko kwenye fimbo. Isipolingana, huenda yuko mtu aliyekwisha kuungoa usukani zamani, na hapo tu ndipo inafaa ufunguliwe.

Kosa likiwa kwenye fimbo, usukani hufungwa katikati, nati za kufungia zikalegezwa, na fimbo moja ikafupishwa kwa kadiri ile ile ambayo nyingine inarefushwa. Hivyo kipimo cha magurudumu hakibadiliki. Usukani uliolalia kushoto, ikiwa fimbo ziko nyuma ya ekseli, hutaka fimbo ya kushoto ifupishwe. Zikiwa mbele, ni kinyume. Robo mzunguko yatosha kwa kuanzia. Magari ya ekseli nzima ya mbele, kama Land Rover za zamani zinazoonekana bado mashambani, yana fimbo ya peke yake itokayo kwenye mtambo wa usukani, na hiyo ndiyo irekebishwayo.

Gari lijaribiwe mahali tambarare. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yateremke, na gari liendalo kushoto huvutwa kidogo kuelekea mtaroni. Dereva hushikilia usukani kulia kidogo, akamlaumu fundi bure. Magari mapya yenye chombo cha kupima mzunguko wa usukani hutaka pia chombo hicho kionyeshwe upya, kwa mashine, katikati ni wapi. Taa ya onyo ikiwaka baada ya kazi, gari lirudishwe kwa fundi siku ile ile.